Hotuba ya Aliyetoka Hospitali

Juzi, nje ya chumba cha daktari wa ubongo, nilikaa karibu na mgonjwa mwenye kovu kichwani. Jumamosi familia yake inafanya sherehe ya shukrani mtaani Ngagara, na kwetu hakuna anayegusa chupa ya bia kabla ya hotuba. Daktari alipotoka, shemeji wa mgonjwa akamsomea hotuba aliyoiandika: "Uvimbe umetolewa, amepona kabisa."

Daktari akainua vidole viwili. "Uvimbe huu ni wa daraja la pili kati ya manne ya ukali. Tumeutoa, lakini unaweza kurudi. Atapigwa skana kila miezi sita. Hiyo 'kabisa,' apana."

"Sasa watu tutawaambia nini?" shemeji akauliza.

Mgonjwa akagusa kovu. "Waambie, 'Mi niko.' Halafu wafungue bia."

Nimesubiri hotuba nyingi mjini humu mpaka bia ikawa ya moto. Hii ina maneno mawili, yote ya kweli.