Siku Nilipopeleka Wachumba Watatu

Shule niliiachia darasa la nne, na sijuti. Wenzangu waliofika la nane walikuja baadaye kuniomba lifti. Nilianza kwa kununua ngozi za mbuzi kwa baiskeli, nikapata punda na mkokoteni, halafu nikapata lori kuukuu ambalo watu wa Shinyanga walisema halitamaliza hata msimu mmoja wa pamba. Lilimaliza saba. Nilipopata la pili nikamwita fundi wa rangi aandike jina langu mlangoni kwa herufi nyekundu, zisomeke toka ng'ambo ya reli. Akakosea herufi moja. Nikamfutisha. Akaandika tena, akakosea pengine. Nikamfutisha tena, mbele ya watu, na nikamwambia, "Hili jina ni la babu yangu. Alikuwa na ng'ombe ukiwatazama huoni mwisho wao. Ukilivunja mkono, umemvunja mkono yeye."

Nasema haya kwanza ili ijulikane kwamba sikuwa mtu asiyejua uzito wa jina. Nilijua. Nilijua la kwangu.

Lori la pili lilihitaji dereva. Nikampata Mzinza mmoja, mtu wa upande wa ziwani kule Nkome, umri wake kama miaka ishirini na tano. Akisikiliza injini kidogo tu, anakwambia inaumwa wapi. Siku ya kwanza akanitajia jina lake. Lilikuwa refu, la kwao, lenye kona ambazo ulimi wangu wa Kisukuma ulizigonga zote.

"Hilo treni, bwana," nikamwambia. "Lina mabehewa mengi. Mimi nitakuita hivi."

Nikachukua kipande cha mbele, nikakitia mkia wa kwangu. Wapakiaji waliokuwa juu ya marobota ya pamba wakaangua kicheko. Naye akacheka. Tangu siku ile hilo ndilo likawa jina lake kwa wapakiaji, kwa mama lishe wa stendi, mpaka kwa askari wa barabarani. Nilijisifu kwa hilo pia. Nilisema, mimi nikimbatiza mtu, amebatizika.

Ikaenda hivyo miaka sita.

Mwaka wa sita akapata mchumba, binti wa mfugaji mmoja kijiji cha nyuma ya Maganzo. Akaja kwangu asubuhi, kofia mkononi, kuomba siku tatu aende kwao Nkome akamlete mjomba wake wa kumsemea. Baba alikuwa hana.

"Mjomba gani?" nikauliza. "Yule anayeanika dagaa? Aende kwa watu wenye ng'ombe, ananuka dagaa, na suruali ya viraka? Watakuonaje? Mimi ndiye baba yako hapa. Nitakwenda mimi."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Asante, tajiri." Kunyamaza kule mimi nilikuhesabu kuwa ni furaha.

Nilikwenda kweli kweli. Sukari siku zile ilikuwa ya foleni, lakini mimi nilibeba kilo tano. Nikavaa koti la suti, kalamu mbili mfukoni, ingawa kuandika kwangu ni kwa shida. Lori nililiosha. Nikamwambia aliegeshe ubavu wenye jina ukielekea nyumba ya wakwe.

Wenyeji wakatupokea vizuri, wakatukalisha. Katika shughuli ile mwoaji hasemi. Anakaa karibu na mlango, kichwa chini, hata akitukanwa hajibu. Wa kusema ni mzee aliyekuja naye. Basi nikasema. Nikawaeleza nilivyoanza na ngozi, nikafika kwa punda, nikaeleza lori la kwanza na la pili. Nafikiri nilikuwa naelekea kwenye la tatu, ambalo nilikuwa bado sijalinunua, baba mkubwa wa binti aliponiinulia mkono. Mzee mwembamba, mgolole begani, mpole sana wa sauti.

"Wewe tumekusikia," akasema. "Lori pia tumeliona. Sasa tuambie, anayeoa ni nani? Mwana wa nani? Maana ng'ombe wakiingia hapa, lazima tujue wametoka zizi la nani. Mungu apishe mbali, siku watoto hawa wakishindwana, tutawarudisha kwa nani?"

Nikalitaja jina la dereva wangu. Kwa sauti kubwa, kama nilivyolizoea.

Wazee wakatazamana.

"Nani?"

Nikarudia, nikaongeza sauti, kama vile shida ilikuwa masikio yao.

Nyuma ya pazia la mlango wa ndani shangazi mtu akasema, wala hakunong'ona, "Huyo mbona hatumjui? Binti yetu ametutajia mwingine."

Hapo jasho likaanza. Nikajaribu kukumbuka siku ile ya kwanza, pale kwenye marobota. Nikatoa jina jingine, refu zaidi, nikidhani urefu utanisaidia. Wakatikisa vichwa. Nikakata mwisho, nikabandika mwisho mwingine.

"Baba," yule mzee akasema taratibu, "umeshatuletea wachumba watatu sasa. Sisi binti tunaye mmoja."

Vijana waliokuwa uani wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Nikageuka kumtazama dereva wangu anitupie jina, japo kwa midomo tu. Mzee akaniwahi.

"Usimtazame. Leo hana mdomo. Mdomo wake ni wewe."

Dereva hakuinua kichwa. Alikuwa anatazama mikono yake. Nikaona kitu ambacho sijakisahau: shingo yake ilikuwa imelowa jasho kuliko yangu. Mimi nilikuwa napoteza heshima ya mchana mmoja. Yeye alikuwa anampoteza mke.

"Baba wa mtu huyu aliitwa nani?" mzee akauliza, nadhani kwa kunihurumia, anipe njia nyingine.

Hilo sikuwahi hata kuuliza.

Hawakutufukuza. Afadhali wangetufukuza. Walitupa maziwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tukala, wakasema, "Rudini mkamtafute mtu anayemfahamu kijana wenu." Sukari wakanirudishia, imefungwa vilevile.

Njiani yeye ndiye aliyeendesha. Tulipofika lami nikamwuliza, tena kwa ukali, kana kwamba kosa ni lake, "Kwa nini miaka yote hukuniambia?"

"Nilikuambia, tajiri. Siku ya kwanza. Na mwezi wa pili tukiwa Kahama. Ukasema treni."

"Ungesisitiza!"

Akabadilisha gia. "Baba yangu alifia ziwani mimi nikiwa tumboni," akasema. "Mama akanipa jina lake lote, ili liendelee kuitwa pale nyumbani. Kila akiniita kula, anamwita na yeye." Akakwepa shimo la barabarani. "Huku kwako nikasema, basi, niiteni mtakavyo. Kazi ni kazi."

Nikamwomba alitaje. Akalitaja, polepole, behewa kwa behewa. Nikalirudia mpaka taa za mjini zikaonekana, na kabla ya kushuka nililitamka bila kukwama. Haikuwa kazi ya miaka sita. Ilikuwa kazi ya nusu saa.

"Jumapili tutarudi," nikasema. "Sasa nalijua."

"Hapana, tajiri," akasema, kwa adabu ileile. "Nitamleta mjomba."

Mjomba akaja juu ya magunia ya dagaa, na ananuka kama nilivyosema, na suruali ina viraka kama nilivyosema. Mimi nilitoa lori. Sikuitwa ndani. Nilikaa kwenye kiti cha dereva na jina langu jekundu mlangoni, nikamsikia yule mzee wa dagaa akilitaja jina la mpwa wake, ambalo ndilo la shemeji yake aliyezama, na la baba wa shemeji yake, akipanda nalo kama mtu anayepanda ngazi za kwake. Hakufika mbali, vigelegele vikamkatiza.

Dereva alimaliza msimu ule wa pamba, akanikabidhi ufunguo kwa mikono miwili. Sikumpata mwingine kama yeye, lakini siyo hilo linaloniuma.

Baada ya miaka kama minne nilimwona stendi ya Shinyanga, anakwenda kupanda basi, binti mdogo amemkalia mabegani. Moyo ukanipasuka kwa furaha. Nikamwita kwa jina lake, lote, sawasawa. Hakugeuka. Nikaita tena, karibu zaidi. Akaendelea kutembea. Pale stendi hakuna aliyewahi kumwita hivyo, wala kwa sauti yangu lile jina hakuwahi kulisikia hadharani. Hakuwa na sababu ya kudhani ni yeye.

Basi lilikuwa linaondoka. Nikaita lile langu, lile la marobota.

Akageuka papo hapo, uso umechangamka. "Shikamoo, tajiri!"

Mtoto akainama juu ya kichwa chake. "Baba, anamwita nani?"

"Ananiita mimi," akamjibu.

Nikaitikia marahaba.