Gari Hujulikana Kutoka Kiti cha Nyuma

Siku Chrispine alipofariki, boneti ya sedani nyeusi ilibaki wazi hadi jioni.

Alikuwa ameifungua asubuhi, akachungulia ndani, akafuta mikono kwa kitambaa, kisha akavuka barabara kwenda kunywa chai kwa Bhoke. Aliketi kwenye benchi, akaagiza, akainamisha kichwa. Bhoke alipoleta kikombe alidhani mteja wake amesinzia. Kumbe moyo ulikuwa umesimama. Watu wakamiminika upande ule wa barabara na hakuna aliyelikumbuka gari. Mvua ilipoanza kunyesha, mkewe Roselyn ndiye aliyerudi kulifunga.

"Niliishusha boneti polepole," anasema. "Hakupenda ibamizwe."

Huo ulikuwa mwezi wa Machi mwaka jana, mjini Migori. Tangu siku hiyo Roselyn hajaketi kwenye benchi lile. Chai ya Bhoke huinywa amesimama, macho barabarani, na mara nyingi huiacha nusu.

"Huyu anakunywa chai kama mtu anatafutwa na polisi," Bhoke anamtania. "Keti, wewe! Benchi haiumi mtu."

"Hiyo yako inauma," Roselyn anamjibu, na tayari amekwisha kuvuka barabara.

Asubuhi hii analizunguka gari lile lile. Amelizunguka kutoka kulia, sasa analizunguka kutoka kushoto. Mama huyu wa miaka arobaini na mitatu, mzaliwa wa Lambwe, hukagua magari yaliyokwisha kutumika kwa niaba ya wanunuzi. Mtu akiona gari analolipenda, humwita Roselyn kabla hajatoa pesa. Malipo ni shilingi elfu mbili, gari liwe zima au bovu.

Kazi hiyo aliifanya na mumewe kwa miaka kumi na miwili. Wakati huo waliitwa karibu kila siku. Siku hizi wiki nzima huweza kupita na gari moja tu.

"Wengine wanasema masikio ya kusikiliza magari yalizikwa na mzee," anasema. "Hawasemi mbele yangu. Lakini mji huu hauna siri."

Leo ameitwa, ila kwa namna ambayo hajawahi kuitwa. Gari linalokaguliwa ni lake mwenyewe, na muuzaji ni yeye. Mnunuzi ni Lorine, mfanyabiashara wa samaki kutoka Homa Bay, mama wa watoto watatu, ambaye amefika na mkoba begani na maneno mengi mdomoni.

"Nimeuliza watu hapa stendi, nani anaweza kunikagulia gari?" Lorine anaeleza. "Wote wananipa jina moja. Na hilo jina ndilo la mwenye gari! Sasa nitafanya nini? Mama, nikagulie kama si yako."

Kutoka ng'ambo ya barabara, Bhoke anapaza sauti: "Mumeona wapi fisi akiitwa kupima mbuzi?"

Lorine anacheka. Roselyn hacheki. Akisema gari ni zima kisha likamwangusha mama huyu na watoto wake njiani, jina lililobaki litakwenda kaburini kumfuata Chrispine. Akisema ni bovu, huenda likabaki pale pale lilipo, chini ya mti wa muarubaini, na yeye ameazimia liondoke.

Sababu yake anaieleza huku akitembea. Tangu mazishi, kila jioni huingia ndani ya sedani na kuendesha. Huenda hadi Awendo akageuza. Siku nyingine hufika Rongo. Jumapili moja alijikuta Homa Bay, akalitazama ziwa kupitia kioo cha mbele, hata mlango hakufungua, akarudi.

"Hakuna ninakoenda," anasema. "Ninaenda tu. Gari likiwepo sitatulia."

Kazi inaanza kwa kiganja. Roselyn anaweka mkono juu ya boneti kuhakikisha injini ni baridi, ingawa ni yeye aliyelala na ufunguo. "Mwenye gari akilipasha moto kabla hujafika, kuna sauti anaificha," anasema. Anamwita Lorine naye aguse. Ndipo anawasha na kwenda nyuma kutazama moshi wa kwanza. Hakuna wa buluu, maana yake injini hailambi oili. Anapitisha kidole kwenye nafasi kati ya mlango na mlango, kwani gari lililowahi kugongwa haliwi na nafasi sawa. Anainama kutazama pedali ya breki, raba yake imelika kiasi gani. Mita ya kilomita inaweza kurudishwa nyuma, anasema, lakini mguu wa dereva haurudishwi.

Sedani ya aina hii, yenye milango minne na turbo chini ya boneti, ina maisha mawili. Kuna maisha ya baba anayepeleka watoto shule, na kuna maisha ya baba yule yule akiwa peke yake kwenye barabara ya Isebania. Kazi ya Roselyn ni kuyatafuta yale ya pili. Huyatafuta kwenye tairi zilizolika upande mmoja, na kwenye oili iliyoungua kwa sababu dereva alizima injini ingali inachemka.

Ikifika saa sita, gari linaanikwa. Hilo lilikuwa neno la Chrispine: anika gari kama omena, dagaa wa ziwani. Vioo vyote hufungwa, gari likaachwa juani saa nzima, kisha mlango hufunguliwa mara moja na pua huingia kwanza. Kuzunguka ziwa hili, magari mengi mazuri yamewahi kubebeshwa samaki usiku na kuoshwa kwa manukato asubuhi. Jua huyasema yote.

Lorine anaijua habari hiyo kwa uchungu. Gari lake la kwanza alilinunua asubuhi ya mvua, kwa kupenda rangi. Siku ya jua la kwanza, watoto walishuka wakikimbia.

"Mimi nauza omena," anasema. "Lakini kulipia harufu ya omena ya mwenzangu? Hapana!"

Sedani ya Roselyn inafunguliwa. Lorine anaingiza kichwa, ananusa, anatoka akitabasamu. Ni vumbi tu na ngozi ya viti.

Imebaki barabara. Chrispine alikuwa na kanuni moja: mnunuzi hujaribu kiti cha dereva, ilhali familia itakaa nyuma. Kwa hiyo yeye alikaa nyuma na Roselyn akaendesha. Baada ya kifo chake, Roselyn amekaa nyuma kwenye magari ya watu wote. Kwenye hili lake, hajawahi.

Lorine anashika usukani. Roselyn anafungua mlango wa nyuma wa kushoto na kusimama kidogo. Kiti kimebonyea upande huo. Anaingia.

Wanaelekea Awendo. Lorine amefurahi, anaongeza mwendo, anasifu jinsi gari linavyojibu mguu. Roselyn ameegemeza sikio karibu na mlango. Wanapopita kilomita sitini kwa saa, sauti inaingia: mvumo mdogo, kama nyuki ndani ya kopo. Wakikata kona ya kulia unapanda. Ya kushoto, unashuka.

Hakuna aliyeusikia ila yeye. Kona moja inapita, nyingine inapita.

"Iko sawa, ama?" Lorine anauliza.

"Simama hapo mbele."

Gari linasimama kando ya shamba la miwa. Roselyn anashuka, anagusa gurudumu la nyuma, kushoto.

"Beringi ya hapa inaisha. Haijafa, lakini watoto wako watakaa juu yake."

"Mbona mimi sisikii?"

"Uko mbele."

Lorine anamtazama. "Na wewe mwenyewe hukujua? Gari unaendesha kila siku?"

"Nilikuwa mbele pia," Roselyn anasema. "Peke yangu."

Lorine anageuza gari. Wanarudi mjini polepole, Roselyn akiwa bado nyuma.

"Haya, fisi amesemaje?" Bhoke anauliza wanapofika.

"Amesema mbuzi anachechemea," Lorine anajibu. "Na nitamchukua. Aliyeniambia anachechemea ndiye nimemwamini."

Makubaliano yanafanyika wakiwa wamesimama. Roselyn atabadilisha beringi zote mbili za nyuma kwa gharama yake. Pesa za gari atazitumia kujenga shimo la kukagulia lenye saruji na paa, asilale tena kwenye tope mvua ikinyesha. Tayari amelipima kwa hatua zake, akabadilisha mawazo, akalipima upya.

Lorine ameweka sharti moja: siku ya kulichukua, hataki kwenda peke yake. Anataka mtu wa kusikiliza hadi mlangoni kwake.

Bhoke anavuka barabara na kikombe. Roselyn anakipokea, anaketi kwenye kiti cha nyuma mlango ukiwa wazi, anakunywa mara mbili, kisha anainuka kwenda kutafuta jeki.

Jumamosi gari linaenda Homa Bay. Lorine ataendesha. Roselyn atakaa nyuma, upande wa kushoto, na jioni atarudi Migori bila gari.