Mguu wa Kushoto

Hadi leo, nikipata harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha, huziba pua nikapita haraka. Ni harufu ya kiwanda chetu cha kahawa kule Manyatta, karibu na mji wa Embu, na ya likizo ya Desemba nilipokuwa na miaka tisa. Kila alasiri kina mama walimwaga kahawa yao juu ya magunia wakaketi kuichagua, iliyoiva huku, mbichi kule, wakisubiri zamu ya mizani. Kusubiri kulichosha, nami ndiye niliyewachangamsha. Nilimwiga karani aliyepima kahawa huku amejivimbisha kifua. Nilimwiga pasta wetu, aliyeomba jicho moja likiwa wazi. Kina mama walicheka hadi wakajifuta machozi kwa pindo la leso, kisha wakanipa ndizi. Kichwa kikavimba, sitaficha.

Siku moja niliishiwa na watu wa kuiga. Mama alikuwa ameenda kuchota maji, nikaona hayupo, nikamwiga yeye. Nilijifunga leso yake, nikashika ndoo tupu, nikaanza kuchechemea, mkono mmoja kiunoni. Lo, walivunjika mbavu! Nami nikazidisha. Ghafla kicheko kikakatika, maana Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na maji yake. Hakunifokea. Alitua ndoo, akaketi polepole, akasema bila kunitazama, "Umekosea, Wawira. Unaouma ni wa kushoto."

Akaendelea kuchagua kahawa. Nilitamani ardhi inimeze.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani, mama mdogo alinivuta kando akanieleza habari za mguu ule. Mama alikuwa amenibeba mgongoni, mimi bado mchanga, akateleza kwenye mteremko wa mto. Angeanguka chali angenilalia, kwa hiyo alijirusha mbele, goti likagonga jiwe. Mama mwenyewe hakuwahi kunitajia jambo hilo. Nilingoja anichape ili yaishe, hakunichapa, nami sikumwomba msamaha.

Mtu angedhani nilikoma. Thubutu! Nilipokua nikawa mchekeshaji wa runinga, na aliyenipa umaarufu ni mama mmoja wa kuigiza, anayechechemea na ndoo. Mguu ulikuwa wa kushoto, hilo nilihakikisha. Nchi nzima ilicheka mwendo wa Mama, naye alikuwa akitazama kwa jirani kisha akirudi kwake akichechemea. Alipofariki ndipo nilipouacha uchekeshaji, nikaandika kitabu juu yake, na siku hizi huitwa shuleni na makanisani kuzungumza. Msamaha nimeuomba katika ukurasa wa kwanza, ambao yeye hakuusoma. Hilo linaniuma kuliko yote.

Majuzi nilialikwa kuzungumza Meru, ukumbini, si mbali na uwanja wa Kinoru. Goti langu limeanza kunisumbua, na ngazi za jukwaa zilikuwa ndefu, nikazipanda nikiburura mguu, mkono kiunoni. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walidhani nimemrudia yule mama wa ndoo. Kina mama wa safu ya mbele walijifuta machozi kwa leso, kama wale wa kiwandani. Niligeuka kutazama nyuma yangu. Hakuwepo mtu, na safari hii sikuwa nimekosea mguu.