Abiria wa Kumi na Moja

Jamani, serikali ikiamua kuhesabu, haimwachi mtu! Mwaka huu ofisi ya jimbo ilitaka kujua usafiri wa watu unaingiza nini katika Tshopo: baiskeli za toleka zinazobeba abiria, pikipiki, mpaka mitumbwi ya kuvuka mto kwenda Lubunga. Ndipo Papa Feruzi, mpiga kasia wa mtumbwi, akaletewa Fortunée, binti mwenye kalamu mbili na daftari la ofisi, apande naye siku tatu.

Ofisi ilikuwa imechoshwa na waongo, ikaweka sharti. Kila safari mpiga kasia ataje abiria wake, na binti ataje aliowaona. Hesabu zikipishana mpaka safari ya mwisho ya siku ya tatu, mwenye mtumbwi anapoteza nafasi yake ya kuegesha. Na Feruzi, baada ya miaka thelathini mahali pamoja, angeenda wapi?

Asubuhi ya kwanza ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, hata ng'ambo haikuonekana. Walipofika katikati ya mto Fortunée akauliza.

"Kumi na moja," Feruzi akajibu.

"Papa, mimi niko naona kumi."

Akahesabu tena kwa ncha ya kalamu. Kumi. Siku ya pili, vilevile. Abiria wakaanza kucheka chinichini: mzee anajipandishia hesabu, anataka sifa. Sifa gani, na mtu mwenyewe hata salamu anaitikia nusu!

Wangejua mawazo yake yalikokuwa, wasingecheka. Kila akishika kasia, macho yake huenda mbele, kwenye ubao wa ncha, alipozoea kukaa mkewe Kadidja akipokea nauli. Kadidja alifariki masika yaliyopita. Abiria wa siku zote hawakai pale, ingawa hakuna aliyekatazwa. Maji yanapogonga mbao Feruzi humsikia, "Sogeeni, mama, sogeeni," naye humhesabu pamoja na wengine bila kujua kama anamhesabu. Mazoea yana taabu.

Siku ya tatu, kabla ya safari ya mwisho, Fortunée alimkalia karibu.

"Papa, leo tena tukipishana, ni mimi nitaandika waondoe wewe hapa. Sitaki. Huyu wa kumi na moja ni nani?"

Feruzi aliutazama ubao wa mbele. Akamwambia jina la marehemu mkewe. Alipolitamka ndipo naye akasikia alichokuwa akifanya siku zote hizo, na aibu ikamshika mpaka masikioni.

Fortunée akaligeukia daftari lake. "Bon. Abiria ni mwenye analipa. Yeye alikuwa analipa?"

"Kulipa? Ebo! Yeye ndiye alikuwa anapokea!"

Binti akafunua ukurasa wa pili haraka haraka. "Alors, huyu si abiria, Papa. Huyu ni mufanyakazi. Ona, hapa wanauliza: katika chombo hiki wanatumika watu wangapi? Abiria utasema kumi, mimi pia kumi, tumepatana. Na hapa chini naandika wawili. Hakuna mutu atakuja kuhakikisha."

Moyo wa Feruzi ulifurahi kama wa mtoto. Wawili! Kadidja kwenye karatasi ya jimbo, na nafasi yake ya kuegesha isiguswe. Akasukuma mtumbwi, akapiga kasia taratibu. Abiria walikuwa kumi, akataja kumi, sauti ikamtoka sawasawa. Jua lilikuwa limeutawanya ukungu, na ule ubao wa mbele ulionekana wote, mkavu, umepauka.

"Na wafanyakazi?" Fortunée akauliza, kalamu tayari, akimkonyeza kidogo. "Wawili?"

Feruzi akaacha kupiga kasia. Mtumbwi ukapelekwa na mkondo hatua chache, na hakuna abiria aliyelalamika.

"Mmoja," akasema. "Andika mmoja, binti yangu. Niko peke yangu."

Akalia mbele ya abiria wote kumi, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.