Laini ya Bibi Isiyokatika

Kaa hapo karibu na dirisha, rafiki yangu, ndipo penye upepo. Niwie radhi kwa maboksi. Mwisho wa wiki nahamia Fumba, na siku zote hizi nimekuwa nikipekua makabati ya nyumba hii ya Mkunazini, nyumba ya bibi yangu, aliyonilelea. Jana binamu yangu, aliyekuja likizo kutoka Maskati, alifungua bati la biskuti akitafuta sindano. Sindano zilikuwemo, na nyuzi, na vifungo visivyofanana. Chini yake kulikuwa na disketi nyeusi iliyobandikwa karatasi yenye neno moja la wino: "Usifute."

"Dada, hiki nini?" akaniuliza, akikigeuza huku na huku. Ni msichana wa ishirini na kitu. Disketi, vile vibapa vya zamani vya kuhifadhia mambo ya kompyuta, hajawahi kuishika maishani.

"Hicho," nikamwambia, "ndicho kilichochelewesha habari ya kuzaliwa kwako."

Akacheka, akadhani namtania. Basi nikamsimulia, na wewe nakusimulia vilevile, taratibu, maana vitu vyenyewe vimeshakufa na si kila mtu alivijua.

Wakati huo mimi niko darasa la tano. Mtandao ulikuwa ukipita kwenye waya wa simu ya nyumbani. Pembeni ya kompyuta kulikuwa na kisanduku cha kijivu chenye vitaa vyekundu, ndiyo modemu, na hicho ndicho kilichopiga simu kwa kampuni ya mtandao kama vile mtu anavyompigia mtu. Kikijibiwa, kilipiga makelele ambayo hujapata kuyasikia: kama kuku wanaogombana ndani ya pipa la bati, kisha mtu anapitisha upepo kwenye bomba, kisha kimya. Ule ukimya ndio tulioutaka. Maana yake tumeingia.

Kompyuta yetu ilikaa ukumbini juu ya meza ya cherahani, imefunikwa kitambaa kilichodariziwa. Aliileta baba mdogo alipokuja kumuoa mama mdogo, binti wa mwisho wa bibi, ampeleke Maskati. Bibi alikuwa ametoa sharti moja tu: "Unanichukulia mwanangu, basi niachie njia ya kumwona." Baba mdogo akaleta mashine, na gharama za mtandao na za waya akazibeba yeye. Kupiga simu nchi za nje kulikuwa kwa sikukuu na misiba.

Mwaka wa pili mama mdogo akapata mimba. Unajua desturi yetu: mimba ya kwanza, mwana hurudi kuzalia kwa mama yake. Bibi alishaanza kukusanya pilipili manga za uji na majani ya kumkandia. Lakini mimba ilikuwa na matatizo, na daktari wa kule akamwamuru alale kitandani mpaka siku ifike. Bibi naye alikuwa na presha na miguu ya kuvimba. Madaktari wawili wa nchi mbili wakasema neno moja: usipande ndege.

Basi mama mdogo alilala peke yake kwenye ghorofa, mumewe kazini kutwa, kompyuta imesogezwa ubavuni mwa kitanda. Kulikuwa na programu ya kuandikiana. Ukiwa umeingia, jina lako huku na kule linawaka alama ya kijani, ukitoka, inazimika. Siku za kwanza waliandikiana sana. Yaani mimi niliandika, kwa vidole viwili, maana bibi alisoma msahafu lakini herufi za kizungu hakuzijua. Baada ya wiki maneno yakaisha. Mtu aliyelala ana habari gani mpya? Ila mama mdogo akaomba kitu kimoja: "Mama, hata kama huna la kusema, usitoke. Nikiiona ile taa najua upo."

Na hapo ndipo matatizo yalipoanza. Kampuni ya mtandao ilikuwa na laini chache na wateja wengi. Ukikaa dakika kumi na tano hujatuma wala kupokea kitu, wanakutoa ili mwingine aingie. Si ubaya, hata kinyozi humwinua aliyekwisha kunyolewa. Lakini kwetu ilikuwa mateso. Bibi anachambua mbaazi, mimi nafanya hesabu za skuli, kule mama mdogo kalala, kote kimya. Ghafla vitaa vinazimika. Naanza upya makelele ya kuku, na mara nyingine hatupati nafasi mpaka adhana ya alasiri.

Tuliamini mashine inasinzia, kwa hiyo dawa yake ni kuiamsha. Nikawa natikisa kipanya. Nikienda chuoni kusoma msahafu, bibi mwenyewe alikitikisa, kwa mkono wenye hina, kila akimaliza fungu la mbaazi. Laini ikakatika vilevile. Siku moja nilirudi skuli nikamkuta bibi kakaa mbele ya kioo cha kompyuta, machozi yanamtoka, mkono ungali juu ya kipanya. Nilipopata laini, maneno ya kwanza kutoka Maskati yalikuwa: "Mlikuwa wapi? Nimekuita tangu saa nne. Nilidhani mmepatwa na jambo." Alikuwa amelia mpaka pumzi zikambana, akaitiwa daktari. Daktari akamwonya: akishtuka hivyo tena, mtoto huenda asifikishe siku zake.

Bibi akajitupia buibui, akavuka uchochoro kwenda nyumba ya mbele, kwa mwalimu wa hesabu, akarudi naye.

Mwalimu alikuwa mtu mwembamba, mpole, asiyeanza kazi bila ya kuieleza kwanza. "Shikamoo, Bi Mkubwa." "Marahaba, mwanangu. Hebu itazame mashine hii, inanikata." Akavuta kiti. Alinionyesha kwanza mipangilio ya kompyuta yenyewe, mahali palipowekwa alama kwamba laini ikikaa bure ikatwe. Akaniachia nikaiondoa mwenyewe. "Huo ni mlango wa ndani," akasema. "Bado wa nje, wa kampuni. Ule hatuna ufunguo wake."

"Na kipanya?" nikauliza.

"Ukitikisa kipanya, inaamka mashine peke yake. Ni kama kukonyeza jicho chumbani mlango umefungwa. Aliye nje atajuaje?"

Kisha akatoa disketi mfukoni. Ndani yake mlikuwa na programu ndogo, aliyoiandika mtu fulani huko duniani akaitoa bure, atakaye atumie. Bibi akataka kujua inafanya nini hasa.

Hapa lazima nikwambie tabia ya bibi. Alikuwa na mazoea ya kuniita bila sababu. Yuko jikoni, mimi niko darini naanika nguo, nasikia: "Wee!" Naitika, "Naam, bibi!" Ananyamaza. "Bibi, umeniita?" "Hapana kitu. Endelea." Mara nne, mara tano kwa siku. Nikilalamika hunisomea ule msemo: usikatae wito, kataa neno.

Mwalimu aliyasikia hayo kila siku kupitia dirishani kwake. Akasema: "Bi Mkubwa, unapomwita huyu, naye akasema naam, nawe ukamwambia hapana kitu, huwa unataka nini?"

"Nataka nijue yupo."

"Basi programu hii kazi yake ndiyo hiyo. Kila baada ya dakika nne inaiita kompyuta moja ya mbali: upo? Ile inajibu: naam. Basi. Kampuni ikiona watu wanaitikiana, haikati."

Bibi akafikiri. "Na hiyo ya mbali haichoki kuitwa bure?"

"Haichoki, Bi Mkubwa."

"Bora yake," akasema, akinitazama mimi.

Kwa muda wa wiki tatu hatukukatika ila umeme ulipokatika. Sikutikisa tena kipanya. Kwenye kona ya kioo kulikuwa na nukta ndogo iliyometa kila ilipoitikiwa, na bibi akaipenda nukta ile kuliko picha zote. Alipika mbaazi za nazi, akachoma mkate wa kumimina, akasali, akasinzia kwenye mkeka, na kule Maskati mama mdogo alikuwa akiiona taa yake tu. Mara moja moja yaliingia maneno, "Mama?", nami niliandika, "Naam," na baada ya muda, "Hapana kitu." Daktari wa kule akasema mgonjwa ametulia.

Aliyeudhika ni jirani yetu wa chini, muuza vitumbua. Mtaa mzima ulikuwa na simu yetu tu, na mwanawe wa Dar alikuwa akimpigia hapo. Mara ya kwanza alinyanyua mkono wa simu bila kujua, akasikia yale makelele, akaurudisha kwa kishindo: "Shoga, humu simuni mna mtu anakabwa!" Tangu hapo tukakubaliana: kwa saa moja kila siku baada ya adhuhuri, mama mdogo akiwa na habari, laini inafungwa, simu ni yake. Bibi hakupata kuvunja ahadi hiyo ila siku moja.

Ilikuwa Jumamosi, skuli hakuna. Saa mbili asubuhi ikaingia: "Mama?" Nikaandika naam. Badala ya hapana kitu, yakaja maneno: "Chupa imepasuka. Niko peke yangu."

Bibi alikuwa na unga mikononi. Alisimama nyuma yangu akasema kwa sauti ile ile ya siku zote, kama anaagiza nazi: "Mwambie asisimame. Alalie ubavu wa kushoto. Ampigie mumewe sasa hivi kwa simu ya mkononi, na mlango asiufunge kwa komeo. Mwambie nipo." Nikaandika. Nikakosea, nikafuta. "Andika vibaya tu, atafahamu," bibi akasema. Tukaandikiana hivyo kama nusu saa. Neno la mwisho lilikuwa, "Amefika, tunakwenda." Kisha alama ya kijani ya mama mdogo ikazimika.

Kwa mara ya kwanza yetu inawaka, yake imezima.

Bibi akanawa mikono, akatandika mkeka mbele ya kompyuta, akatoa tasbihi. Adhuhuri ikapita. Jirani akapiga hodi, kaja kungojea simu yake.

"Leo hapana, shoga," bibi akamwambia. "Mwanangu yuko kwenye uchungu. Laini haifungwi."

Jirani hakununa, alivua viatu akakaa. Lakini alikuwa mwanamke wa kuuliza. "Kwani mkweo hawezi kupiga simu?"

"Atapigaje, na yeye anajua tupo humu?"

"Akipiga, si atakuta simu imeshikwa?"

"Shoga, usinitie wasiwasi."

Tukakaa watu watatu tunatazama nukta. Upo? Naam. Upo? Naam. Kompyuta ya mbali, sijui iko nchi gani, ilituitikia kwa uaminifu, na yule tuliyemtaka hakuitika. Bibi hakula. Nilimwona akiisogelea taa iliyozimika kwenye kioo, akaigusa kwa ncha ya kidole kama mtu anayegusa paji la mtoto mwenye homa. Ndipo nilipoogopa. Maisha yangu yote bibi ndiye aliyekuwa akiita, na mimi sikujua kama na yeye anaogopa kukosa kuitikiwa.

Baada ya alasiri taa ikawaka. Nilisoma kwa sauti, neno moja moja: "Mama shikamoo, ni mimi mkweo. Mtoto wa kike. Wote wazima, alhamdulillahi. Nnapiga simu tangu adhuhuri iko bize tu mpaka nimerudi nyumbani kuandika. Mmeiweka nini hiyo simu?"

Jirani akapiga makofi: "Si nilisema! Si nilisema mimi! Saa tatu nzima sasa mtu keshakuwa bibi wa mjukuu mpya, yeye kakaa analilia nukta!" Na bibi akaanza kucheka, akacheka mpaka akajishika miguu yake iliyovimba, machozi yakimtiririka, huku akinisukuma bega: "Mwandikie. Mwambie simu tuliishika sisi, tunamngoja yeye." Halafu akamwambia jirani, "Shoga, fungeni mashine hiyo, mwanao asije naye akadhani umekufa." Jioni ile simu ililia mara mbili: kwanza mwana wa Dar, kisha sauti ya mama mdogo mwenyewe kutoka hospitali, nyembamba kama uzi. Bibi aliusikiliza uzi ule, akasema, "Hapana kitu, mwanangu. Lala."

Bibi ametangulia mbele ya haki, na jirani pia. Mwalimu alistaafu akarudi kwao Makunduchi. Modemu sijui ilitupwa lini. Tundu la simu bado liko ukutani, limepakwa rangi pamoja na ukuta mara tatu au nne, mpaka ukitaka kuliona lazima upapase. Yale makelele sijayasikia tena. Sasa laini haikatiki kabisa. Nina alama za kijani za watu chungu nzima mfukoni, nazo zinawaka mchana kutwa bila mtu kuzichunga. Sisemi zamani ilikuwa bora. Napenda simu yangu, na jana mama mdogo aliona sura zetu wawili kutoka Maskati tukiwa tumeishika disketi, akalia na kucheka kwa pamoja kama mama yake.

Binamu yangu ameiomba, nimempa. Bati la biskuti linakwenda nami Fumba.

Nawe kabla hujanyanyuka hapo, fanya hivi. Chagua mtu wako mmoja aliye mbali, umpigie. Akiitika, akakuuliza kuna nini, mwambie hapana kitu. Kisha ikate simu, uiache wazi, apate njia ya kukupigia yeye.