Umbo Lililotoka Kwenye Barafu Tupu

Picha za darubini ya elektroni, usidanganywe na zile zinazong'aa kwenye majarida. Zikitoka mashineni ni chenga tupu, kama televisheni iliyopoteza mawimbi. Humo ndimo nilimoitafuta protini ya kimelea cha malaria, ofisini kwetu Bagamoyo, feni ikilalamika juu ya kichwa changu.

Darubini yenyewe iko ughaibuni. Waliigandisha sampuli yetu kwenye barafu, wakatupigia picha, wakasema matokeo yakiwa mazuri tutapewa zamu nyingine ya kuitumia darubini. Yasipokuwa mazuri, basi, na ajira yangu ndiyo basi.

Molekuli moja peke yake haionekani. Unakata vipande maelfu vya picha, unavilaza upande mmoja, unavijumlisha mpaka chenga zifutane, umbo libaki. Ili kompyuta ijue pa kuanzia, niliipa umbo la protini nyingine ya jamii hiyo, ambayo inajulikana. Ikanirudishia umbo safi, lina kiuno na mabawa mawili. Alhamdulillahi! Nilipiga ukelele hadi mwalimu wangu, msimamizi wa utafiti, akaja mbio.

Mama yangu, kule Zinga, alipika pilau akaalika majirani ikasomwa dua. Picha ikatiwa fremu, ikatundikwa sebuleni kando ya Ayatul Kursi. "Mwanangu kamuona mdudu wa malaria mpaka utumbo," akawaambia. Sikumsahihisha, maana alikuwa na furaha.

Baadaye mwalimu wangu akaniambia nichukue vipande vya picha vyenye barafu tupu, pasipo na protini kabisa, nivipitishe njia ile ile. Nikanuna, nikafanya. Likatoka kiuno na mabawa mawili. Lahaula! Kumbe kompyuta ilikuwa inanirudishia nilichoipa mwenyewe. Nikaanza upya bila kuipa chochote, likatoka bonge lisilo na mbele wala nyuma. Nikabadilisha hiki na kile, bonge. Wenye darubini wakaandika kwa upole kwamba zamu wamepewa wengine. Nililia, sioni haya kusema.

Nikaenda Zinga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona umenyong'onyea?"

Nikamweleza yote. Akaitazama fremu.

"Kwa hiyo huyu siye?"

"Siye, mama. Hapo hamna kitu."

"Na ile dua tuliyosoma?"

Nilipanda kiti niiondoe fremu, akanishika mguu.

"Iache kwanza. Watu watauliza."

Nikashuka. Ipo mpaka leo. Wageni wakija hunipa hongera, nami, sina kazi, naitikia ahsante.