Nilivyolipaka pilipili komamanga la Kalekye kwa wivu wa mchezo wa shule

Wakuu, salamu kwenu nyote. Haya yalinitokea mwenyewe, na hata mume wangu sijamsimulia. Mkinicheka ni haki yenu.

Ni miaka ya tisini mwishoni, niko form two, shule moja ya wasichana huku Msambweni.

Mwalimu wa drama akatuletea hadithi ya kale ya Wagiriki. Binti anachukuliwa na mfalme wa kuzimu, anakula punje za komamanga, basi hawezi tena kukaa na mamake mwaka mzima.

Part ya binti niliitaka kufa. Niliikariri yote kabla majina hayajasomwa.

Akapewa Kalekye, rafiki yangu, mtoto wa bara, mamake akifua mashuka hoteli moja ya Diani.

Mimi nikapewa mti. Naam, mti. Kusimama tu na makuti kichwani.

Wivu ulinikaba, wakuu. Kiswahili changu cha kuzaliwa, chake cha kuungaunga, halafu mimi ndiye mti? Nikaacha kumsemesha.

Mazoezi yote yaliangukia Ramadhani, na siku yenyewe pia. Saa kumi alasiri, wazazi wamejaa.

Nilikuwa nimebeba pilipili mbuzi kutoka nyumbani. Nikazipasua, nikazisugua kwenye zile punje za komamanga ambazo Kalekye angekula jukwaani. Na saumu nimefunga, eti.

Kalekye akala. Macho yakamtoka, machozi yakamwagika, lakini hakutema. Akasema maneno yake hadi la mwisho. Akina mama wakalia naye, wakidhani ndio mchezo wenyewe. Nilisikia aibu pale pale, na makuti yangu kichwani.

Jioni mama yangu, asiyejua lolote, akamwita Kalekye aje kufuturu kwetu kama kawaida.

"Shikamoo mama," akasema, midomo imevimba.

"Marahaba mwanangu. Mbona huli?"

"Nimeshiba, mama."

Tulipotoka uani kuosha vyombo, akaniambia polepole, "Tuliposhikana mikono kuwaaga watu, yako ilikuwa inanuka pilipili."

Nikaizamisha mikono kwenye maji ya sabuni.

"Nilimwomba mwalimu mara mbili akupe wewe hiyo part. Akasema kila mazoezi lazima binti ale komamanga, na hawezi kumlisha mtu aliyefunga. Nilitaka kukwambia, lakini ulikuwa huniongeleshi."

Nikalia, nikamwomba radhi. Akanipa sahani nisuuze, akasema yameisha.

Nilichojifunza: ningemuuliza mwalimu sababu, dakika moja tu, nisingemuumiza mtu aliyekuwa akinipigania.

Kama nawe ulimfanyia mwenzako ubaya shuleni, andika hapo chini. Ulimwambia, au alijua akanyamaza?